Je, Wajua Nani Alimwandika Babu Yako?

Je, wajua kwamba mkutubi akiulizwa "Mna kitabu cha ukoo wetu?" jibu lake la kwanza huwa ni swali? Atauliza: babu yako alilipa kodi wapi? Alibatizwa? Alipata kufanya kazi shambani kwa Mzungu? Alikwenda vitani? Mgeni hukunja uso. Amekuja kutafuta habari za heshima, naye anaulizwa mambo ya kodi! Lakini ndivyo nyaraka zilivyo. Hakuna karani wa zamani aliyemwandika babu yako kwa mapenzi. Alimwandika kwa sababu alikuwa na haja naye: rupia zake, mabega yake, alama za vidole vyake, au roho yake. Ukimjua aliyekuwa na haja naye, umeshajua kabati la kufungua.

Je, wajua kwamba kodi ya nyumba haikuhesabu watu, ilihesabu mapaa? Wajerumani waliitangaza upande wao wa Afrika Mashariki mwaka 1897, Waingereza wakaianza Kenya mwaka 1901. Kwa kuwa katika jamii nyingi kila mke alikuwa na nyumba yake, mzee aliyeandikiwa nyumba nne si lazima awe alikuwa na mali ya kutisha. Uliza kwanza alikuwa na wake wangapi, au kama mama yake mjane aliishi kwenye boma lake.

Je, wajua kilichokuwa ndani ya kile kikopo cha bati ambacho wanaume wa Kenya walikivaa shingoni? Kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na utekelezaji ukaanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, waajiri aliowatumikia, na saini ya kila bwana aliyemruhusu kuondoka. Wazee walikichukia kama walivyochukia mijeledi, na haki yao. Leo mjukuu akikipata ndani ya sanduku la marehemu, anasoma safari nzima ya ujana wa babu: shamba lipi, mji gani, mwaka gani.

Na bibi yuko wapi? Hayumo. Kipande kilikuwa cha wanaume, na hata sheria ya usajili iliyokirithi Kenya haikuwaingiza wanawake hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo anayemtafuta bibi ahame kabati: aende kanisani, kwa kadhi, kwenye kesi za mirathi na za talaka. Wanawake wengi wa zamani hawakuandikwa walipoishi kwa amani. Waliandikwa siku walipodai haki yao.

Je, wajua neno "bibi" lenyewe ni mtego? Barua ya zamani kutoka Nairobi ikisema "bibi yangu anakusalimu," huenda mwandishi anamtaja mkewe. Msomaji wa Tanzania anaweza kumwongeza nyanya mzima kwenye mti wa ukoo kwa herufi nne tu.

Kuna na mtego wa "baba". Baba mdogo na baba mkubwa wote hujibu wanapoitwa baba, na katika kusimulia watu huacha hilo neno la pili. Ndiyo sababu mkutubi mzoefu haulizi "baba yake nani?" akanyamaza. Huongeza: "Baba wa kumzaa?"

Je, wajua kwamba wanawake wa pwani ni rahisi kufuatilia kuliko wanawake wa Ulaya wa wakati ule ule? Mwanamke wa Kiingereza akiolewa, jina la kwao lilizama. Fatuma binti Juma aliolewa, akaachwa, akaolewa tena, akafa, na muda wote huo alibaki binti Juma. Taabu imeanza tulipoacha kuandika "bin" na "binti": sasa Juma Abdallah hajulikani kwa karatasi kama Abdallah ni baba, babu, au jina la ukoo.

Lugha yetu, kwa bahati, haikosi maneno ya kushukia: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na kamusi zinaendelea hadi kinying'inya. Wageni wangapi hufika maktaba wakijua jina la mtu ambaye wao ni vilembwe vyake? Wachache. Muulize msomaji aliye karibu nawe sasa hivi majina manne ya mama wa mama zake uone.

Je, wajua kwamba katika rejesta ya ubatizo ya Kanisa Katoliki mambo matamu yako pembeni? Katikati ya ukurasa utakuta jina la mtoto, wazazi na msimamizi wake. Pembeni, padri mwingine, pengine miaka ishirini baadaye na kwa wino mwingine, ameandika kipaimara, kisha ndoa: na nani, lini, parokia gani. Mtu aliyebatizwa kijijini akaoa mjini huonekana kwenye mstari mmoja. Rejesta za zamani ziliandikwa Kilatini, lakini usiogope. Maneno yanayojirudia hayazidi vidole vya mikono miwili: *filius* ni mwana, *filia* ni binti, *patrinus* ni baba wa ubatizo. Niliwahi kumwona mama mmoja akisoma rejesta ya namna hiyo kwa karatasi ya maneno kumi tuliyomwandikia, na baada ya saa moja alikuwa anaturekebisha sisi.

Je, wajua kwamba Juma aliweza kuandikwa Dschuma? Karani wa Kijerumani alisikia kwa masikio ya kwao. "J" yetu akaiandika *dsch*, "y" akaiandika *j*, "z" mara nyingi akaiandika *s*. Ndiyo maana ramani zao zina Bagamojo, Muansa na Kilimandscharo. Ukimtafuta Yusufu kwenye herufi Y hutamwona hata ukeshe, yuko J. Juu ya hayo, makarani wengi waliandika kwa mwandiko wa Kurrent, ambao Mjerumani kijana wa leo naye hausomi bila kufundishwa. Nyaraka hizo za Kijerumani zilizoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Miaka sita baadaye, 2003, ikafuata mikusanyo ya miswada na vitabu vya Kiarabu ya Zanzibar.

Na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Zina kisirani chao. Waandishi wa zamani waliitumia *ba* moja kwa "b", kwa "p" na hata kwa "mb". Jina la mtu au la kijiji lisomwe mbele ya mtu wa hapo, la sivyo utaunda ukoo ambao haujapata kuwepo.

Je, wajua kwamba mtu aliyezaliwa Alhamisi usiku anaweza kuitwa Juma kwa haki kabisa? Katika hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ndio ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Mjukuu anayelinganisha cheti na masimulizi akaona tofauti ya siku moja, asimwite shangazi yake mwongo.

Mwaka wa Hijria nao ni mfupi kwa siku kama 11. Hati ikisema 1318, mtu huyo alizaliwa kati ya Mei 1900 na Aprili 1901. Kumbuka pia kwamba miaka 33 ya Hijria ni kama miaka 32 ya kalenda nyingine, kwa hiyo mzee anayesema ana miaka 99 kwa hesabu ya msikiti ana kama 96 kwa hesabu ya serikali. Wote wawili wako sahihi.

Je, wajua kwa nini wazee wengi sana "walizaliwa" tarehe 1 Januari? Karani alitakiwa kujaza tarehe, na mzee alikuwa na mwaka tu, au hata huo mwaka hakuwa nao. Ukiiona tarehe hiyo, isome kama kikohozi cha karani.

Badala ya tarehe, wazee walikuwa na njaa. Wagogo wana Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchota nafaka, ng'ombe na wanaume. Wakamba wana Ngomanisye ya mwisho wa karne ya 19, iliyoenea kila mahali. Wamaasai wana Emutai, maangamizi ya miaka ya 1890, ng'ombe walipokufa kwa sotoka na watu kwa ndui. Kwa hiyo swali "ulizaliwa mwaka gani?" halina maana kubwa mbele ya mzee. "Mama yako alikusimulia njaa gani alipokuwa na mimba yako?" Hilo ndilo lenye jibu. Kisha nenda rafuni ukaitafute njaa hiyo kwenye taarifa za wilaya.

Marika nayo husaidia, ila ujihadhari. Wanandi wana marika saba yanayozunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha Maina tena. Kila rika ni kama miaka 15, kwa hiyo duara zima ni zaidi ya karne. "Alikuwa Maina" ni kauli inayowafaa watu wawili waliopishana miaka mia.

Sasa majina, kwa haraka. Otieno alizaliwa usiku, Okoth mvua ikinyesha, Ochieng jua likiwa kali. Kulwa na Doto ni pacha wa Usukumani; ukimkuta Shija, tafuta pacha waliomtangulia, hata kama walikufa wachanga na hakuna anayewataja. Tabu, Shida na Mashaka walizaliwa wakati ambao familia haikupenda kuukumbuka, lakini ikauandika mtoto mwilini. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume humrithi jina babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Binti wa kwanza nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Nipe majina ya wana wawili wa kwanza na mabinti wawili wa kwanza kwa mpangilio wa kuzaliwa, nitakupa babu na nyanya wote wanne bila kufungua jalada. Rwanda ni kinyume kabisa: ndugu wa tumbo moja, baba mmoja, kila mmoja ana jina lake la Kinyarwanda, na karani wa kigeni huwaona kama majirani.

Je, wajua kwamba Muganda akijitambulisha rasmi hutaja baba, babu, na kupanda hadi mkuu wa ukoo wake? Tendo hilo huitwa *okulanya*. Koo za Buganda ni zaidi ya 50, kila moja ina mwiko wake na akiba yake ya majina, hivyo jina pekee hutosha kutaja ukoo wako. Apolo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, alichapisha kitabu cha koo za Baganda mwaka 1912. Ni mojawapo ya vitabu vichache Afrika Mashariki ambavyo mtu akisema "nataka kitabu cha ukoo wetu", mkutubi anaweza kuinuka kweli na kwenda kukileta.

Hapa sasa tuende taratibu.

Je, wajua kwamba amri ya Aprili 1897 ya Zanzibar haikumfungua mtumwa papo hapo? Ilimtaka aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na aliyemmiliki alipewa fidia. Fidia ikahitaji karatasi: jina la mtumwa, jina la bwana. Narudia lile la mwanzo: palipolipwa, paliandikwa. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina majalada ya watu ambao hawangeandikwa popote kama uhuru wao usingekuwa na bei.

Ndipo kazi ya mkutubi inapokuwa nzito. Mtu amekuja na hadithi ya kwamba babu wa babu alitoka Shiraz au Omani kwa jahazi. Jalada linasema Myao, au Mnyasa, aliyeitwa Mabruki na bwana wake. Hiyo Mabruki maana yake ni mbarikiwa, na hakuitwa hivyo na mama yake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Jalada linaonyesha mambo yakienda upande wa pili: kwanza utumwa, ndipo asili ikaachishwa kwa nguvu. Mkutubi hasomi jalada kama hilo kwa sauti. Hulifungua, huliweka mezani, akaenda kupanga vitabu rafu ya mbali kidogo.

Je, wajua kituo cha Kengeleni, Mombasa, kimepata wapi jina? Kwenye kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini, na kilichoitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Baadhi ya wakazi wake wa kwanza, kama wengine wa Rabai, walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kukombolewa baharini. Walirudi na majina ya Kiingereza, na mengine yamebaki hadi leo. Jacob Wainwright, aliyekuwa kati ya waliousindikiza mwili wa Livingstone hadi ukazikwa London Aprili 1874, alikuwa Myao aliyepita Nasik. Kwa hiyo jina la Kizungu kwenye familia ya Mombasa si lazima litoke kwa Mzungu. Laweza kuwa njia ya kwenda Uyao, kupitia Bara Hindi.

Je, wajua kwamba kuna Wazigua waliorudi kwao baada ya kizazi cha tano au zaidi? Mababu zao walichukuliwa karne ya 19 kutoka upande wa Handeni hadi bonde la mto Juba, Somalia. Walitoroka utumwa, wakaishi wenyewe, wakashika Kizigula chao. Vita vya 1991 vilipowakimbiza, baadhi walipanda mashua kuja Tanzania wakisema wanarudi nyumbani. Serikali ikawapa makazi Chogo, Handeni, na uraia ukafuata. Ndugu zao wengine, kutoka kambi za Kenya, walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Hawakuwa na karatasi hata moja. Walikuwa na lugha, na majina ya koo.

Je, wajua kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina moja? Zote zinatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kama babu wa babu yako alibeba mizigo ya vita akapotelea njiani, pengine kumbukumbu yake ya pekee ni soko unalonunulia nyanya.

Je, wajua kwamba wahandisi wa reli ya Uganda waliletewa vibarua kama 32,000 kutoka India kati ya 1896 na 1901, na kwamba waliobaki hawakufika 7,000? Familia za Kihindi za Nairobi na Kisumu nyingi hujidai wana wa reli; hesabu inaonyesha wengine wengi walikuja baadaye, kwa tiketi zao, kufungua duka. Kwa Mhindu mwenye kutafuta mbali zaidi, msaada uko Haridwar kando ya mto Ganga: huko makuhani huweka vitabu virefu vya familia, na kila anayekwenda kuhiji au kumwaga majivu ya marehemu huongezewa habari zake kwenye kitabu cha kwao.

Magazeti je? *Msimulizi* lilianza kuchapwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, likibeba habari za walimu na vituo vyao. *Mambo Leo* likaanza Dar es Salaam mwaka 1923, na barua za wasomaji wake zina majina ya watu wa kawaida kabisa: mwalimu, karani, mpishi anayelalamika. Usisome vichwa vya habari. Soma kurasa za barua.

Je, wajua kwamba fuvu linaweza kuwa jalada? Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake. Familia yake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake amekitafuta kwa miongo. Berlin kulikuwa na mkusanyo wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Watafiti walilinganisha vinasaba vya mafuvu machache na vya watu walio hai Tanzania, na Septemba 2023 wakatangaza kwamba wamepata ndugu. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", cheo cha mshauri wa Meli, na vinasaba vikaungana na vya mzao wake aliye hai. La Meli mwenyewe halikuonekana. Neno moja la wino, la mtu aliyekuwa na haja na mfupa, ndilo lililowaonyesha watafiti pa kuanzia.

Vinasaba vilitoa jingine mwaka huo huo. Watafiti walichunguza mabaki ya watu 80 wa miji ya zamani ya Waswahili na kukuta kwamba nasaba za kike zilikuwa za Kiafrika kwa sehemu kubwa, na za kiume kwa wengi zilitoka Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Wale wazee wa Shiraz, basi, hawakuwa wakiota tu. Ila walikuwa wanasahau kutaja mama.

Je, wajua kwamba waliohamishwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wana "kwao" mbili? Kijiji kilichoandikwa kwenye cheti, na mahame waliyoyaacha. Makaburi yako mahameni. Muulize mzee mti gani ulikuwa mlangoni.

Kwa walio ughaibuni: chuo kikuu cha Syracuse, Marekani, kina filamu za nyaraka za wilaya za Kenya. Wamormoni wa Utah, ambao huweka kumbukumbu za familia za dunia nzima kwa sababu za imani yao, walimaliza mwaka 2021 kuzigeuza filamu zao milioni 2.4 kuwa picha za kompyuta, na nyingi husomwa bila malipo. Na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilificha Hanslope Park maelfu ya majalada ya makoloni, yakiwemo ya kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau. Sasa yanasomwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew, London.

La mwisho, nalo ni jalada ulilonalo nyumbani. Je, wajua kwamba ile picha ya ukutani, babu amekaa kwenye kiti cha studio na saa ya kuazima mkononi, huenda ndiyo kumbukumbu pekee aliyoilipia yeye mwenyewe? Kodi walimwandika wao, kipande walimwandika wao, ubatizo waliuandika wao. Picha alikwenda kwa miguu yake, akachana nywele, akatoa shilingi. Itoe kwenye fremu polepole uigeuze. Mara nyingi nyuma kuna mhuri wa studio: kama ni Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, umeshapata mji, na umejua picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Na kama chini ya mhuri kuna penseli iliyofifia, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha kabla hujaigusa.